Iyengar na guru wake: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi aliyetumwa Pune

Mwaka 1937, mjini Mysore kusini mwa India, kijana wa miaka 18 aliambiwa na mwalimu wake afunge virago aende Pune. Klabu ya Deccan Gymkhana ilihitaji mtu wa kufundisha yoga kwa miezi 6, na miongoni mwa wanafunzi waliokuwepo yeye ndiye aliyekuwa na Kiingereza, japo cha kuombea maji. Kimarathi, lugha ya wenyeji wa Pune, hakukijua. Maandiko ya yoga hakuwa ameyasoma, na elimu ya pumzi hakuwa amefundishwa. Alikwenda hivyo hivyo, na miezi 6 ikageuka kuwa maisha mazima. Alipofariki tarehe 20 Agosti 2014, akiwa na miaka 95, bado alikuwa mkazi wa Pune.

Kijana huyo ndiye B.K.S. Iyengar, ambaye leo jina lake limebandikwa kwenye milango ya madarasa ya yoga duniani kote. Aliyemtuma ni Tirumalai Krishnamacharya, aliyekuwa akiendesha shule ya yoga katika kasri la Jaganmohan kwa ufadhili wa Maharaja wa Mysore. Mikononi mwa mtu huyo huyo walipita pia Pattabhi Jois, aliyeeneza yoga ya Ashtanga. Indra Devi, aliyefungua studio Hollywood mwaka 1947. Na mwanawe wa kumzaa, T.K.V. Desikachar. Ukiwaweka wanne hawa chumba kimoja na kuwatazama wakifundisha, hutadhani wana mwalimu mmoja.

Nimechagua kisa cha Iyengar kwa sababu ndicho kinachochomolewa kila mara walimu wa yoga wanapobishana kuhusu uaminifu kwa guru. Mmoja husema: tazama Iyengar, alimheshimu guru wake mpaka mwisho, basi nawe usiguse ulichopewa. Mwingine husema: tazama Iyengar, aligeuza karibu kila kitu, basi nawe geuza. Kila mmoja ana ushahidi. Kwa maoni yangu wote wawili wanamsoma vibaya. Iyengar hakuwahi kukaa chini akapima guru upande huu na mtindo wake upande ule. Mtindo wake ulitokana na yale ambayo guru hakumpa, na uaminifu wake ulikuwa wa kutaja alikotoka, yakiwemo yaliyomuumiza.

Shemeji kwanza, guru baadaye

Iyengar alizaliwa tarehe 14 Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, wakati ule mlipuko mkubwa wa homa ya mafua ukiua watu kwa mamilioni. Utoto wake ulipita katika malaria, kifua kikuu na homa ya matumbo. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka 9. Dada yake, Namagiriamma, alikuwa ameolewa na Krishnamacharya, na mwaka 1934 shemeji huyo akamwita kijana aje Mysore akae na dada yake wakati yeye mwenyewe akiwa safarini.

Habari hii ya ushemeji hurukwa haraka, nami naona ndiyo inayoeleza mengi. Mwanafunzi wa kawaida akimchoka mwalimu huaga akaondoka. Kijana yatima, mgonjwa, anayekula na kulala kwa mume wa dada yake, ataenda wapi? Utiifu wake wa miaka ile hauwezi kupimwa kama utiifu wa mtu aliyefunga safari kumtafuta guru kwa hiari yake. Mwanzoni hata mwanafunzi hakuwa. Alimwagilia bustani na kufanya kazi za nyumbani, na Krishnamacharya hakuonyesha hamu ya kumfundisha mtoto mwenye mwili mkavu kama ule.

Mambo yalibadilika kwa bahati tu. Siku chache kabla ya maonyesho makubwa, mwanafunzi kipenzi aliyekuwa akiishi katika nyumba ile alitoroka. Pengo likawepo, na shemeji mdogo akasukumwa kulijaza. Alifundishwa mikao migumu kwa haraka ili aweze kupanda jukwaani, basi. Baadaye, akiwa mzee na mashuhuri, Iyengar alikadiria kwamba mafunzo ya mikao aliyopata moja kwa moja kutoka kwa guru wake hayakuzidi siku 10 au 15. Kwenye silsila ya yoga yeye ni mmoja wa warithi wakubwa wa karne ya 20, lakini darasani alikaa siku chache kuliko mtalii wa leo anayekwenda Rishikesh, mji wa India wenye shule nyingi za yoga, kuchukua cheti cha mwezi mmoja.

Mkasi

Kuna tukio moja ambalo Iyengar alilisimulia mara nyingi. Mbele ya watazamaji, Krishnamacharya alimwagiza afanye hanumanasana, yaani kupiga msamba, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma mpaka makalio yaguse sakafu. Kijana hakuwahi kuufanya mkao huo. Akasema haujui. Guru akamweleza ulivyo. Akatafuta pa kujificha: bukta yake imebana, haitamruhusu. Guru akaagiza mkasi uletwe, bukta ikakatwa pembeni huku na huku, na kisingizio kikaisha. Kijana akashuka. Msuli wa nyuma ya paja ukachanika, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuweza kutembea sawasawa.

Hapa mwenye kuchambua kisa hana budi kusimama. Kwa mila ya guru na mwanafunzi, amri ilitolewa na ikatekelezwa. Kila mmoja alitimiza wajibu wake. Kwa upande wa mwili, kijana aliumizwa na mtu aliyepaswa kumlinda. Iyengar aliyasema yote mawili maisha yake yote. Hakuacha kumwita Krishnamacharya guru wake, na hakuacha kusema kwamba alikuwa mkali wa kutisha, mtu ambaye watu walimwogopa hata barabarani. Alipotoa kitabu chake kikuu, Light on Yoga, mwaka 1966, alikitabaruku kwa Krishnamacharya, akampangia mlolongo mrefu wa vyeo vyake vya kielimu, mstari kwa mstari, kama anavyoandikiwa mwanachuoni. Na mtu huyo huyo hadithi ya mkasi hakuificha.

Ninawaona walimu wengi wa yoga wakidhani lazima wachague moja kati ya hayo: ukimheshimu guru, funika, ukifunua, umemkana. Iyengar hakuona haja ya kuchagua, na sidhani heshima yake ilipungua kwa hilo. Kitabu kilichotabarukiwa na mtu aliyenyamazia maumivu yake kingenipa shaka zaidi.

Pune, bila wa kumuuliza

Wanafunzi wa kwanza wa Pune walikuwa vijana wa vyuo na wanamichezo, baadhi yao wakubwa na wenye nguvu kumzidi mwalimu wao. Lugha ilikuwa taabu. Fedha zilikuwa kidogo, na siku nyingine alishinda na njaa. Alijifungia kufanya mazoezi kwa saa nyingi kwa sababu rahisi: wanafunzi walikuwa wakimpita. Yule ambaye angemuuliza alikuwa mbali kusini, na hata akiulizwa hakuwa mtu wa kujibu. Alipomwomba amfundishe pranayama, ile elimu ya kudhibiti pumzi, alijibiwa kwamba kwa mapafu yake hafai. Akajifundisha mwenyewe, akishindwa na kuanza upya kwa miaka.

Kilichobaki kumwongoza ni mwili wake uliojeruhiwa na miili ya watu walioletwa kwake, wengi wakiwa wagonjwa. Ukiwa na paja lililochanika, huwezi kurukia mkao na kutoka kwa pumzi tano. Utasimama. Utatafuta ni wapi uzito unakaa na ni wapi unavuja. Chukua mkao wa trikonasana, ule wa pembetatu, ambao karibu kila darasa la yoga linaufanya. Mysore ya wakati ule mwanafunzi aliruka, miguu ikatua mbali, akainama, akahesabu pumzi, akarudi. Kwa Iyengar, mwanafunzi anaweza kubaki pale dakika nzima huku akielekezwa: bonyeza ukingo wa nje wa unyayo wa nyuma, pandisha pia ya goti, geuza paja la mbele kwa nje, mkono usipofika chini weka tofali. Tofali hilo, pamoja na mkanda, blanketi, kiti na kamba za ukutani, ndivyo vilivyokuja kuwa alama ya yoga yake. Vifaa hivyo vilianza na vitu vya kuokotaokota, na vilizidi kusanifiwa baada ya ajali ya skuta ya mwaka 1979 kumwumiza vibaya na kumlazimu kuujenga mwili upya akiwa na miaka 60.

Umbali aliotembea unaonekana kwa macho. Ipo filamu fupi isiyo na sauti iliyopigwa Mysore mwaka 1938, ikimwonyesha Krishnamacharya, baadhi ya familia yake, na Iyengar akiwa kijana mwembamba. Iyengar wa kwenye filamu anaruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine bila kukatika, pumzi moja tendo moja. Mtu anayejua Ashtanga atasema huyu ni wa kwao. Hakuna tofali wala kamba, na hakuna anayesimama dakika nzima akitafuta ukingo wa unyayo.

Kwa hiyo wanaosema aligeuza mengi wana haki. Ila nasisitiza jinsi ilivyotokea. Hakuna barua ya kujitenga wala tangazo la mtindo mpya. Mkataba wa klabu ulirefushwa, kisha ukaisha, naye akaendelea kwa wanafunzi mmoja mmoja. Mwaka 1952 alikutanishwa mjini Bombay na mpiga fidla Yehudi Menuhin, aliyekuwa amechoka na mwili umemkaza. Mwaka 1954 Menuhin alimwalika Ulaya, akamzawadia saa iliyochorwa maandishi ya kumwita mwalimu wake bora wa fidla. (Zawadi hiyo naipenda kwa sababu inamtaja mwalimu kwa kazi aliyoifanya na wala haitaji yoga.) Kufikia hapo mtindo ulikwisha kuwepo, na mwenyewe alikuwa bado anakataa kuuita mtindo. Alisisitiza kwamba anafundisha yoga ya Patanjali, anayetajwa kuwa mwandishi wa kale wa Yoga Sutra, na kwamba jina la Iyengar lilibandikwa na wanafunzi waliotaka kuutofautisha na madarasa mengine.

Guru wa mwaka gani?

Walimu wanaojivunia kwamba hawakubadilisha kitu wana swali ambalo kwa kawaida hawaulizwi. Wamehifadhi kile ambacho guru alifundisha lini?

Krishnamacharya aliishi miaka 100, kuanzia 1888 hadi 1989. Katika miaka ya 1930 alikuwa na vijana wa kiume, kasri, na mfadhili aliyependa maonyesho. Alifundisha kwa kuruka na kwa ukali. Baadhi ya watafiti, kama Norman Sjoman na Mark Singleton, wameeleza jinsi mazoezi ya viungo na mieleka yaliyokuwepo kasrini na katika India ya ukoloni yalivyochangia kuunda yoga ile; Sjoman mwenyewe alisoma kwa Iyengar kabla ya kuandika hayo, jambo ambalo halikuwafurahisha wote. Maharaja alifariki mwaka 1940, shule ikadhoofika na kufungwa mwaka 1950, na miaka 2 baadaye Krishnamacharya akahamia Madras. Huko alikutana na watu wa kawaida: wazee, wagonjwa, wanawake, wafanyakazi wa ofisini. Akawafundisha mmoja mmoja, polepole, mkao ukifuata pumzi na pumzi ikifuata hali ya mtu. Indra Devi, ambaye mwaka 1937 alikataliwa kwa kuwa mwanamke na mgeni mpaka Maharaja alipomwombea, angepokelewa Madras bila tabu hiyo.

Pattabhi Jois alianza kusoma kwake mwaka 1927 akiwa na miaka 12. Alipopewa kazi katika Chuo cha Kisanskriti cha Mysore mwaka 1937 alibaki na yoga ya wakati ule. Desikachar, aliyezaliwa mwaka 1938 na kusomea uhandisi, alianza kujifunza kwa baba yake katika miaka ya 1960 na akapata yoga ya Madras. Iyengar alipata siku zile 15, kisha umbali. Kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa Krishnamacharya aliyemkuta, na Krishnamacharya mwenyewe hakubaki kama alivyokutwa na yeyote kati ya hao. Anayeshikilia zoezi la mwaka 1935 kama wosia anashikilia jambo ambalo mwosia wake aliendelea kulirekebisha kwa nusu karne.

Adabu ya kusema "nimepewa"

Katika silsila za India, na si za yoga peke yake, mtu akigundua jambo jipya adabu humtaka alirudishe juu: nimelipata kwa guru, au katika andiko la kale. Krishnamacharya alieleza kwamba alikaa miaka saba na nusu kwa guru wake, Ramamohana Brahmachari, karibu na Mlima Kailash, na kwamba ada aliyotakiwa kulipa mwishoni ilikuwa arudi nyumbani, aoe, azae na afundishe yoga. Ashtanga nayo inasimulia kuhusu Yoga Kurunta, andiko lililodaiwa kuandikwa kwenye majani ya mtende na kisha kuliwa na mchwa, ambalo ndani yake mfumo wote ulikuwemo. Andiko lenyewe hakuna anayeweza kulionyesha.

Sidhani busara kuliita hilo udanganyifu na kuishia hapo. Katika mazingira ambamo "nimebuni" husikika kama majigambo, "nimepewa" ni lugha ya heshima. Tatizo huja baadaye, pale mwanafunzi wa kizazi cha tatu, pengine Mjerumani au Mmarekani asiyezijua adabu hizo, anapolichukua neno la heshima kama taarifa ya kihistoria. Anaamini mfululizo wa mikao umeshuka tangu kale bila kuguswa. Goti la anayemfundisha linapouma humlaumu huyo, kamwe haulaumu mfululizo.

Na kuna madhara makubwa kuliko goti. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 wanawake waliokuwa wanafunzi wa Pattabhi Jois walijitokeza hadharani kueleza kwamba aliwashika sehemu za siri kwa kisingizio cha kurekebisha mikao. Jois alikuwa amefariki tangu mwaka 2009. Walimu wenye idhini yake, ambao picha yake ilikuwa ukutani mwa madarasa yao, walijikuta hawajui wafanye nini na picha. Mjukuu wake na mrithi wa shule, Sharath Jois, aliomba radhi hadharani mwaka 2019. Walimu wengi waliyaona yale kwa miaka na wakayapa tafsiri nyingine, kwa sababu walikwisha kubali kwamba kila afanyacho guru ni sehemu ya mafundisho. Hapa ndipo simulizi ya mkasi inapoonyesha thamani yake: Iyengar hakuwahi kusema kuchanika kwa paja lake kulikuwa mafundisho ya siri asiyoyaelewa. Alisema kuliuma, na kwamba alilemaa.

Alichorithi bila kukitaja

Ningekuwa namtetea tu Iyengar ningeishia hapo. Lakini waliosoma kwake Pune wanakumbuka makofi mgongoni, mateke na makaripio mbele ya darasa zima. Herufi za mwanzo za jina lake zilifanyiwa utani na wanafunzi wa Ulaya na Marekani, wakisema B.K.S. ni beat, kick, slap, yaani kupiga, kutia teke na kuzaba kofi. Wapo waliosema makofi yale yaliwafungua. Wapo walioondoka.

Tazama basi alichobadilisha na alichobaki nacho. Mruko kutoka mkao hadi mkao aliupunguza, hesabu ya pumzi aliiacha, mpangilio aliugeuza, akaleta vifaa vingi. Ukali ndio aliouhamisha karibu mzima kutoka Mysore. Walimu wanapokaa kujadili uaminifu kwa guru huzungumzia mikao: je, niongeze muziki, niruhusu tofali, nianze na pumzi au na kusimama? Hayo ni mambo ya juu juu, yanabadilika kwa urahisi. Sauti ambayo mwalimu humwambia nayo mwanafunzi aliyekosea, hiyo ndiyo hupokewa bila cheti wala kiapo, na wengi hawajui kwamba wameipokea.

Mlango unapofungwa nyuma

Taasisi ya Iyengar mjini Pune ilifunguliwa mwaka 1975, ikapewa jina la mkewe Ramamani aliyefariki mwaka 1973. Mfumo wa vyeti ukakua kuizunguka: miaka ya kusoma, mitihani ya ngazi kwa ngazi, nembo ambayo mwalimu huruhusiwa kuitumia kwa masharti. Sharti mojawapo ni kwamba mwenye cheti asichanganye njia hiyo na mitindo mingine darasani akaendelea kuiita ya Iyengar.

Kejeli iko wazi na kila mtu huiona: aliyejitengenezea njia kwa matofali ya kuokota amekuwa jina ambalo wengine hawaruhusiwi kuligusa. Ila upande wa pili unastahili kusikilizwa. Mwanafunzi mwenye diski ya mgongo iliyoteleza anayeingia darasa lenye nembo ile anategemea mwalimu amefunzwa namna fulani ya kumlaza kwenye kiti na kumfunga mkanda. Nembo isipolindwa, anayeumia ni huyo. Mimi nalikubali sharti, almradi lihusu jina. Pale linapogeuka kuwa kipimo cha shukrani, mwalimu anayejaribu kitu kipya akaambiwa shukrani ya punda ni mateke, hapo limevuka mpaka.

Mmarekani John Friend alikuwa mwalimu wa Iyengar kwa miaka kabla ya kuanzisha Anusara mwaka 1997. Kwa kipimo cha jina alifanya jambo la haki: alitaka kufundisha kwa lugha na mpangilio wake, akavua nembo, akatafuta jina lingine. Kisha akajenga juu yake jengo lile lile. Vyeti vilitoka kwake, masharti ya kuvaa jina yalitoka kwake, na walimu waliomzunguka wakafungamanisha mkate wao naye. Mwaka 2012 ilipozuka kashfa kuhusu mwenendo wake na uendeshaji wa kampuni yake, walimu wengi wakubwa wa Anusara walirudisha vyeti, wengine hata kabla yeye hajajiuzulu. Watu waliokuwa wamefundisha kwa miaka walilazimika kuandika upya vipeperushi na kujiuliza kipi katika walichokuwa wakifundisha ni chao.

Desikachar alikwenda njia tofauti. Neno viniyoga, alilolitumia kueleza namna ya kuirekebisha yoga imfae mtu aliye mbele yako, lilipoanza kutumika kama jina la mtindo, aliomba wanafunzi wake waache kulitumia hivyo. Wapo waliotii na wapo waliobaki na jina, kwani huwezi kuweka tangazo la darasa lisilo na jina.

Geeta

Yupo mtu mmoja katika kisa hiki ambaye nadhani alilibeba suala lote hili kwa uzito kuliko Friend na hata kuliko Iyengar mwenyewe, na watu humtaja kama tanbihi. Geeta Iyengar alizaliwa Desemba 1944, binti mkubwa wa Iyengar. Alipokuwa mtoto aliugua figo hadi familia ikakata tamaa. Alijijenga kwa mazoezi aliyopewa na baba. Akawa mwalimu. Baba yake alikuwa shemeji mdogo katika nyumba ya guru. Yeye alikuwa binti katika nyumba ya guru, na darasani baba hakumbakizia. Alikaripiwa mbele ya wageni kama wengine, na pengine zaidi.

Aliona jambo ambalo wanaume waliomtangulia hawakulishughulikia vya kutosha. Mikao iliyopangwa kwa vijana wa kiume wa Mysore ilikuwa ikifundishwa wanawake bila kujali hedhi, ujauzito, kujifungua wala kukoma hedhi. Alipanga mfuatano kwa kila hali: mikao ipi iachwe siku za hedhi, mjamzito aegemezwe vipi ili tumbo lisibanwe, mama aliyejifungua arudi wiki ipi na aanze na nini. Aliandika vitabu juu ya hayo. Aliandaa pia mtaala wa mwanzo ambao walimu wapya wa njia ile huusomea. Kwa kipimo chochote cha kawaida huo ni mtindo wake mwenyewe, na angekuwa mtu mwingine angeuita kwa jina lake na kufungua shule.

Hakufanya hivyo, na sioni ushahidi kwamba alizuiwa. Alisema anaendeleza kazi ya baba yake. Alifariki tarehe 16 Desemba 2018, siku 2 baada ya Pune kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwa baba huyo, maadhimisho ambayo alikuwa amefundisha ndani yake licha ya afya mbovu. Leo mwalimu wa njia ile anapompokea mjamzito na kumwekea kiti, mito na mkanda, mpangilio anaoufuata kwa sehemu kubwa ni wa Geeta. Jina lililo kwenye nembo ya cheti chake ni la baba.